Bangi kuhalalishwa kwa kura: tuwataje na wasio na kura

Mleta mada, Columbus, Ohio

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo moja bila kulikwepa: je, ni sawa kuhalalisha bangi ya starehe kwa kura ya wananchi, ya ndiyo au hapana? Ninaishi Ohio, Marekani, ambako tarehe 7 Novemba 2023 wapiga kura waliulizwa swali hilo na takriban asilimia 57 wakajibu ndiyo. Nami nilikuwa miongoni mwao, na kura ile sijaijutia. Lakini nilipiga kura kwa kuwa nimekwisha kula kiapo cha uraia. Jirani yangu wa mlango wa pili, aliyetoka Kivu Kusini akapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, analipa kodi kama mimi na watoto wake wanasoma pamoja na wangu, ila yeye hakuulizwa, na sheria iliyotokana na jibu letu inaweza kumgharimu kuliko mtu yeyote niliyesimama naye kwenye foleni siku ile.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiwepo wa kunielewa vibaya. Kura ya wananchi ni njia halali. Hata hivyo, jimbo linapowauliza watu wake juu ya jambo ambalo serikali kuu bado inaliita kosa, lina wajibu wa kumweleza kila mkazi, kwa lugha anayoielewa, ni nani ambaye jibu hilo halitamlinda. Ohio haikutimiza wajibu huo, na sisi tuliopiga kura hatukuudai.

Tazameni namba zenyewe. Sheria kama ilivyopitishwa na wapiga kura inamruhusu mtu mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea kuwa na hadi wakia 2.5 za bangi, ambazo ni gramu 70 hivi, na kupanda miche 6 nyumbani kwake, au 12 ikiwa nyumba ina watu wazima wawili au zaidi. Maduka yalianza kuwauzia watu wazima tarehe 6 Agosti 2024. Sasa ziwekeni gramu hizo 70 kando ya sheria ya uhamiaji, ambayo inampa mgeni nafuu moja tu ya kutofukuzwa nchini: kosa moja la kuwa na gramu 30 au pungufu, kwa matumizi yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kununua kiasi ambacho jimbo linakiruhusu, akapewa risiti, akarudi nyumbani akiamini hana kosa, kumbe amekwisha kuupita mara mbili mstari unaoamua kama atabaki nchini. Wala si lazima akamatwe. Mwongozo ambao idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, iliutoa Aprili 2019 unaeleza kwamba mtu akikiri mwenyewe mbele ya afisa, au akiwa ameajiriwa katika biashara ya bangi, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema unaotakiwa kwa mwombaji wa uraia, hata kama jimbo lake limeruhusu.

Hili nimeliona kwa macho. Huwa ninajitolea kutafsiri siku za Jumamosi, mawakili wanapokaa na watu wetu kujaza fomu ya kuomba uraia, ile N-400. Jumamosi moja alikuja kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limepigwa pasi, karatasi zake zimepangwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki: nakala ya kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, cheti cha ndoa, marejesho ya kodi. Kwa kuwa fomu inataka uorodheshe kazi zako za miaka mitano iliyopita, alikuwa ameleta na hati za mishahara, na ya juu kabisa ilitoka katika kampuni inayolima na kufungasha bangi, yenye leseni ya jimbo, iliyokuwa ikimlipa vizuri kuliko ghala la mizigo alikokuwa kwanza. Aliitoa kwa fahari. Wakili aliisoma, akaigeuza kifudifudi mezani, akaniomba nimuulize kama kuna mtu yeyote kazini aliyewahi kumweleza maana yake kwa ombi lake. Nikamuuliza. Akanijibu, "Kaka, si wana leseni?" Nilikosa la kumwambia kwa haraka, kwa sababu leseni wanayo kweli, na bado fomu ileile inauliza kama umewahi kuzalisha, kulima, kusambaza au kuuza dawa zinazodhibitiwa kinyume cha sheria ya jimbo au ya Marekani. Ombi halikupelekwa siku ile. Alizirudisha karatasi ndani ya bahasha moja moja, akatushukuru, akatoka.

Karibuni mchangie.

Mchangiaji wa pili, mama wa watoto watatu, Dayton

Mwanangu, nimeisoma mada yako mara mbili na huyo kijana amenisikitisha sana, lakini mimi naona umeusema ukweli nusu. Unalalamika kwamba watu hawakuelezwa. Mimi nasema jambo hili halikustahili kuulizwa kabisa. Serikali inapokuuliza "unataka?", tayari imekwisha kukuambia kwamba si jambo baya. Kijana wangu wa kidato cha pili hakupiga kura, lakini alilijua jibu kabla yangu, na siku nilipomkanya alinijibu kwa heshima kabisa, "Mama, watu wameamua."

Halafu kuna pipi za bangi. Nyingine mtoto hawezi kuzitofautisha na pipi zake. Katika nchi hii, taarifa zilizofika vituo vya sumu kuhusu watoto wa chini ya miaka 6 waliokula vyakula vyenye bangi zilikuwa 207 mwaka 2017, na mwaka 2021 zikawa 3,054. Mtoto wa miaka mitatu hana kura wala hasomi bango. Wewe umewataja wageni peke yao kuwa ndio wasiokuwa na sauti, nami nakuomba uwaongeze hawa. Tena hizo fedha za kampeni zinatoka kwa nani? Florida mwaka 2024, kampuni moja ya bangi, Trulieve, ilichangia zaidi ya dola milioni 140 ili wananchi waseme ndiyo. Mfanyabiashara akitoa fedha za namna hiyo, atazirudisha kutoka mfukoni mwa nani?

Mleta mada

Mama, shikamoo, na asante kwa kuniongezea hao watoto. Nakubali kwamba nimewasahau, na kwamba pipi za bangi hazipaswi kufanana na pipi za watoto hata siku moja. Juu ya fedha pia hatugombani, ila nakuomba uangalie wapiga kura walivyozipokea. Florida wanataka asilimia 60 ili katiba ya jimbo ibadilishwe, na pamoja na mamilioni yote hayo kura za ndiyo ziliishia karibu asilimia 56, kwa hiyo pendekezo likaanguka. Hapa kwetu, mwaka 2015 kundi la wawekezaji lilileta pendekezo ambalo lingewapa wao wenyewe haki ya kulima bangi ya biashara katika maeneo 10 tu ya jimbo zima. Takriban asilimia 64 wakalikataa. Miaka minane baadaye, watu wa jimbo lilelile wakakubali sheria nyingine iliyoandikwa tofauti. Ninachojifunza hapo ni kwamba mpiga kura akisoma maandishi yenyewe, haijibu bangi kwa jumla, anajibu sheria aliyowekewa mbele yake, na kwa sababu hiyo bado naiamini kura. Kosa langu ni kwamba niliisoma sheria ile nikitafuta yanayonihusu mimi.

Kuhusu mwanao nakupa pole. "Watu wameamua" ni jibu gumu kwa mzazi. Lakini umri uliowekwa ni miaka 21, na hilo nalo watu hao hao wameliamua.

Mchangiaji wa tatu, Nairobi

Nawafuatilia kutoka mbali. Hapa Kenya mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kuhalalisha kilimo cha bangi ili nchi ilipe madeni, mikutano yake ikajaa, lakini hakufikisha hata asilimia 1 ya kura. Wapo wanaosema basi Wakenya wamelikataa jambo hilo. Mimi sikubali, kwa sababu siku ile tulikuwa tunachagua rais, na hakuna aliyetuuliza juu ya bangi peke yake. Kwa hiyo nawaonea wivu ninyi mnaoulizwa.

Mchangiaji wa nne, Columbus

Kaka mleta mada, hoja yako ina mashiko lakini unaiangalia hatari upande mmoja. Kabla ya 2023 mgeni alikuwa salama? Uchunguzi wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika nchi hii mtu mweusi ana uwezekano mara 3.6 zaidi wa kukamatwa kwa kuwa na bangi kuliko mzungu, ingawa matumizi yao yanakaribiana. Sisi ni weusi kwanza machoni pa polisi, kabla hajajua kama una kadi ya kijani au huna. Kila anayesimamishwa barabarani na kuachwa aende kwa sababu jimbo limeruhusu, ni mtu mmoja ambaye hakupata hukumu. Kwa hesabu hiyo kura ya ndiyo imewalinda wageni kuliko mnavyokiri.

Mleta mada

Dada, hapo umenigusa, na ndiyo sababu iliyonifanya niseme ndiyo. Hukumu isiyokuwepo ni bora kuliko hukumu iliyofutwa. Missouri mwaka 2022 waliandika ndani ya pendekezo lao kwamba makosa mengi ya zamani ya bangi yafutwe bila mtu kuomba. Ohio hatukuandika hivyo, na hilo ni pungufu kubwa. Lakini kwa mgeni hata ufutaji huo haumsaidii sana, kwa kuwa maafisa wa uhamiaji kwa kawaida wanaendelea kuihesabu hukumu ambayo jimbo limeifuta. Kabla ya kura ya 2023, Ohio tangu mwaka 1975 ilikuwa ikiichukulia bangi ya chini ya gramu 100 kuwa kosa dogo la faini isiyozidi dola 150, bila jela. Raia alilipa akasahau. Mgeni aliyelipa faini hiyohiyo ili asikose zamu kazini anaweza kukuta imeandikwa katika jalada lake kuwa hukumu, miaka kumi baadaye, siku ya mahojiano.

Tena wanaosubiri serikali kuu ibadili msimamo wasijipe matumaini makubwa, maana hata bangi ikishushwa daraja katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa, itakuwa bado imo ndani ya orodha, na sheria ya uhamiaji inaangalia orodha.

Basi tufanye lililo mikononi mwetu. Mama wa Dayton, wewe unapinga na mimi naunga mkono, ila nadhani hapa tunaweza kutia saini pamoja: tuiandikie idara ya jimbo inayosimamia bangi, tudai bango katika kila duka na katika kila chumba cha wafanyakazi, kwa Kiswahili, Kisomali, Kinepali na lugha nyingine za wakazi wa hapa. Rasimu ya maneno ninayo, nimeipitia na wakili yule wa Jumamosi:

"Kama wewe si raia wa Marekani, sheria ya serikali kuu bado inakukataza bangi. Kuinunua, kuitumia, au kufanya kazi mahali inapolimwa au kuuzwa kunaweza kukunyima uraia au kukufukuzisha nchini, hata kama una risiti. Muone wakili wa uhamiaji kabla hujajibu swali lolote kuhusu bangi."