Naomba ushauri: mnyauko bakteria kwenye viazi mviringo, Ngaramtoni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Bustani ni ya nyumbani, mita 6 kwa 8, viazi aina ya Asante. Mbegu ni ya sokoni, haina lebo ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu). Ukubwa wa yai la kuku, ilichipushwa kwenye mwanga hafifu, ikapandwa sentimita 75 kwa 30.

Wiki ya 7 mashina 9 yamenyauka majani yakiwa bado ya kijani, na udongo una unyevu. Nimening'iniza kipande cha shina kwenye glasi ya maji safi: baada ya dakika chache zikashuka nyuzi nyeupe kama maziwa. Viazi vikikatwa vinatoa ute kwenye pete ya ndani. Kwa hiyo ni mnyauko bakteria, si bakajani (ugonjwa wa ukungu), na dawa ya ukungu niliyoshauriwa dukani haitasaidia kitu.

Nimeng'oa mashina hayo pamoja na viazi vyake na udongo wa shimo, nimevifukia mbali na maji, jembe nimelisafisha kwa jiki. Mfereji unaoelekea kwenye nyanya za jirani nimeuziba. Nyanya hizo ndizo zinazoniumiza zaidi, maana ugonjwa huu huzishambulia nazo. Vitakavyovunwa ni vya kula tu, sibakizi mbegu.

Naomba kujua mawili. Ukizungusha mahindi na maharage, umesubiri misimu mingapi kwenye udongo wa huku kabla ya kurudisha viazi bila mnyauko kurudi? Na mbegu yenye lebo, nani hapa Arusha anapima kilo 12 tu badala ya gunia zima?