Akii-Bua alikuwa mtu wa Amin? Mimi nakataa, leteni hoja

Wakuu, kila akitajwa John Akii-Bua wa Uganda hakosekani wa kusema, "Yule si alikula na Nduli Idi Amin?" Hoja yao ni kwamba bingwa wa Olimpiki ana jina kubwa, kwa hiyo alipaswa kumkemea Amin hadharani au kubaki zake Ulaya. Kweli alipandishwa cheo polisi, akapewa nyumba, na Kampala ipo barabara yenye jina lake. Hayo sibishi. Nabishia hukumu.

Tuanzie Munich, Septemba 2, 1972, fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Akii-Bua kapangiwa njia namba 1, ya ndani kabisa, ambako kona inabana na mtu mrefu kama yeye anapata tabu kupanga hatua kati ya kiunzi na kiunzi. Akamaliza kwa sekunde 47.82, wa kwanza duniani kushuka chini ya 48. David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya 48.12, akaambulia shaba.

Sasa tazameni nyumbani mwezi huohuo. Septemba 17 wapiganaji wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliingia Uganda wakitokea huku kwetu Tanzania, wakapigwa. Siku nne baadaye Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akakamatwa palepale mahakamani, asionekane tena. Jaji Mkuu mzima! Na huyo hakuwa hata Mlango, yaani mtu wa kabila la Lango. Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila moja na Obote, wakati askari wa Kilango na Kiacholi walishaanza kuchinjwa makambini tangu 1971. Angefungua mdomo mbele ya waandishi wa Ulaya, angelipa nani? Ukoo wake, nao ulikuwa mkubwa kwelikweli, maana baba yake alikuwa na wake wengi. Kumwambia mtu wa namna hiyo "ungebaki nje" ni rahisi ukiwa na simu mkononi na umeshiba.

Halafu 1976. Uganda ikaungana na nchi za Afrika kususia Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Makaburu. Amin akitetea haki za Waafrika, jamani! Edwin Moses akachukua dhahabu kwa 47.63 na rekodi ikaondoka, bingwa mtetezi hata uwanjani hayupo.

Wapinzani wangu wana swali moja zuri: kama hakuwa mtu wa Amin, mbona 1979 majeshi yetu yalipokaribia Kampala alikimbilia Kenya? Jibu langu ni kwamba afisa wa polisi wa serikali inayoanguka, anayekaa nyumba aliyopewa na Amin, hangoji kuulizwa anatoka kabila gani. Na huko Kenya hakupokewa kifalme. Aliwekwa kambi ya wakimbizi, mpaka kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani na kumpa kazi. 1980 akakimbia tena Moscow kwa bendera ya Uganda, akaishia nusu fainali. 1983 akarudi kwao, kwenye polisi ileile, na 1997 akafariki akiwa na miaka 47. Serikali ikamzika kwa heshima zote.

Nyumba angeweza kuikataa? Hapo ndipo nataka mnibane. Mnaosema ndiyo, nitajieni Mlango mmoja aliyekataa zawadi ya Amin na akabaki salama Kampala.