Naomba ushauri: natengeneza pinboli ya nyumbani Kisumu, mama anaiona mashine ya kamari

GololiZiwani (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Niko upande wa Mamboleo. Nina mambo mawili, moja la ufundi na moja la nyumbani. La nyumbani ndilo linaloninyima usingizi, lakini nianze na la ufundi mpate kunielewa.

Nikiwa sekondari Kakamega kulikuwa na saiba karibu na stendi ya matatu. Intaneti ikikwama, kila mtu alifungua ile pinboli iliyokuja ndani ya Windows XP, Space Cadet, ile gemu ya kupiga gololi isiangukie chini. Kidole kimoja kwenye Z, kingine kwenye mkwaju, kidole gumba kwenye spesi kurusha gololi. Nilikuwa natembea nyumbani vidole bado vinacheza mfukoni. Tangu hapo nimetaka ya kwangu, ya kusimama kwa miguu yake minne.

Sasa nina kompyuta ya mezani ya ex-UK, i5, RAM 8, haina kadi ya grafiki ya kando. Nina TV ya inchi 32. Nataka TV ilale ndani ya kabati kama meza, kioo juu, batani moja kila ubavu. Seremala amenishauri MDF, na ubao wa mbele ameshaukata. Nilimwambia aache na tundu la kipokea sarafu, maana nilitaka ifanane na zile za zamani za Marekani.

Wiki mbili zilizopita mama alikuja kutoka Mumias. Ule ubao ulikuwa umeegemea ukuta sebuleni. Aliona lile tundu, akasimama. Hakuuliza kitu. Akaenda kukaa varandani mpaka giza likaingia.

Mdogo wangu alimaliza karo ya muhula mzima kwenye mashine za kamari za sarafu, zile za nyuma ya maduka sokoni kwetu. Mama alikuwa ameuza ndama kupata hiyo karo. Kijana hakurudi shule mwaka ule, na hadi leo hawaongei vizuri. Sasa mama anaamini nimeleta mashine ileile ndani ya nyumba wanamolala wajukuu wake wawili.

Naomba mnisaidie. Vifaa nilivyo navyo vinatosha? MDF itakaa kwa hewa ya huku? Na mama nimwambie nini? Sitaki kumwambia tu "hii ni tofauti" halafu nishindwe kuieleza hiyo tofauti.

Soketi_Nakuru

Kaka, pole sana. Ya mama nawaachia waliokula chumvi. Mimi nina kabati langu hapa Section 58, mwaka wa tatu huu.

Kabla hujanunua hata skrubu moja, pima TV yako inachelewa kiasi gani. TV nyingi huchukua picha, zinailainisha, zinaipamba rangi, ndipo zinakuonyesha. Kwa filamu hutajua. Kwa pinboli utabonyeza na gololi itakuwa ishapita katikati. Fanya hivi: tegesha simu yako kwenye kurekodi kwa mwendo wa polepole, hakikisha kidole chako kwenye batani na flipa (kile kibawa kinachopiga gololi) kwenye skrini vinaonekana pamoja, kisha bonyeza. Rudisha video, hesabu picha kutoka kidole kinapogusa hadi flipa inapoinuka. Simu ikirekodi picha 240 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 4 na kitu. TV yangu ya kwanza ilinipa picha 31. Nikaingia kwenye menyu, nikaweka hali ya gemu, nikazima kila kitu cha kulainisha, ikashuka hadi 13. Ilikuwa kama nimebadilisha mashine.

Ukubwa: uwanja wa pinboli halisi ya kawaida ni kama sentimita 51 kwa 107. Kioo cha inchi 32 ni kama 40 kwa 71, kwa hiyo utapata theluthi mbili ya urefu. Inachezeka vizuri tu, na kabati linapita mlangoni.

Kompyuta yako bila kadi ya grafiki itahangaika na meza mpya za Visual Pinball, ile programu ya kuchezea pinboli kwenye kompyuta. Tafuta GTX 1050 Ti ya mitumba. Nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai, zinakula wati 75 za kwenye bodi tu, na hizi kompyuta za ex-UK pawa saplai zake ni ndogo. Ila pima kwanza upana wa kasha. Kama ni lile jembamba, kadi ya urefu wa kawaida haitaingia, tafuta ile fupi.

Ukiendelea kuisubiri kadi, weka MAME, programu ya kuchezea gemu za zamani za sarafu kwenye kompyuta. Ilianzishwa 1997 na Mwitaliano, Nicola Salmoria, na gemu ya Pac-Man ya 1980 inaendeshwa na kompyuta yoyote. Ukiicheza kwa fimbo ya njia nane utakasirika kwenye kona. Fimbo nyingi zina bamba chini la kugeuza ziwe za njia nne.

Randa_na_Msasa (Kisumu)

MDF hapana. Ile ni unga wa mbao na gundi. Ukingo ukinywa maji unavimba kama andazi na haurudi. Na huku nyumba inapigwa deki kila asubuhi, hata ukiweka miguu ya chuma, kuna siku ndoo itamwagika.

Chukua plaiwudi ya milimita 18. Pale soko la Kibuye watakukatia, lakini nenda na vipimo umeviandika, na usimame palepale msumeno unapopita. Paka sila pande zote mbili, za ndani na za nje, hasa kingo. Ukipaka nje tu ubao unajipinda. Chini toboa matundu ya feni na uyafunike kwa wavu wa dirisha, ule wa mbu. Mwezi mmoja bila wavu, nilifungua kabati la jirani nikakuta vijidudu vya ziwani vimejaa kwenye feni hadi haizunguki. Vilifuata mwanga wa skrini usiku.

KijanaKondele

Mimi ningeacha tundu la sarafu. Watoto wa mtaa wacheze kwa shilingi kumi kumi, mwaka mmoja umerudisha gharama zako.

MamaWatano (Webuye)

Hapana, kijana. Umesoma aliyoyaandika mwenzako?

GololiZiwani, mwanangu, kinachomtisha mama yako ni hilo tundu. Skrini ameshaziona, kompyuta anazijua. Lile tundu ndilo lililomeza ndama wake. Usimwite umweleze wakati bado liko pale ukutani. Litoe kwanza, kimya kimya. Halafu ukimweleza, anza na mdogo wako. Mtaje kwa jina mbele yake. Nyumba nyingi tunazungumza kuhusu mashine kwa sababu hatuwezi kuzungumza kuhusu mtoto.

Mwalimu_Kakamega

MamaWatano amenena. Niongeze jambo la historia, kwa kuwa ndugu ameomba maneno ya kueleza tofauti.

Hofu ya mama yako ina wenzake. Jiji la New York lilipiga marufuku pinboli mwaka 1942 kwa sababu hiyohiyo. Meya wake, Fiorello La Guardia, alizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Na tuwe wakweli, wakati huo pinboli haikuwa na flipa. Ulikuwa unavuta springi, gololi inapanda, inagonga misumari, inaangukia inapoangukia. Ungeweza kutikisa meza kidogo, basi. Watu waliwekeana pesa juu yake.

Flipa zilikuja 1947, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kuanzia hapo mchezaji akawa na kitu cha kufanya baada ya gololi kuondoka mkononi. Lakini marufuku ya New York iliendelea hadi 1976, ambapo kijana aitwaye Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani. Alitamka kabla ya kuvuta springi kwamba gololi itapita njia ya katikati, na ikapita. Marufuku ikaondolewa.

Kwa hiyo mwambie mama mambo mawili. Mashine ya sokoni inaamua yenyewe nani apate, na inatoa pesa ili urudi. Hii haitoi chochote, na gololi ikipotea imepotea kwa sababu mkono wako ulichelewa. Kisha mpe nafasi abonyeze mwenyewe. Mkono unaelewa haraka kuliko sikio.

Soketi_Nakuru

Na kitaalamu, kipokea sarafu hukihitaji hata kidogo. Kwenye Visual Pinball na MAME vilevile, namba 5 kwenye kibodi ndiyo sarafu na namba 1 ndiyo kuanza. Weka batani ndogo mbele ibonyeze 5. Shift ya kushoto na ya kulia ndizo flipa.

WayaMwekundu (Bungoma)

Hakuna aliyegusa stima. Ndugu, huku kwetu magharibi radi za alasiri si za kuchezea. Kinga ya TV, ile inayosubiri dakika kadhaa stima ikirudi kabla ya kuiachia, itakusaidia stima ikipanda na kushuka. Radi haiisikilizi. Mawingu yakikusanyika, chomoa plagi ukutani, na kebo ya intaneti pia. Kuzima swichi hakutoshi.

Miguu ikiwa ya chuma, na reli za kioo za chuma, fungia waya wa ardhi wa kijani na njano kwenye kila kimoja. Watoto watashika chuma hicho kwa mikono yenye jasho. Na mtu akikuuzia pinboli halisi kutoka Marekani, kumbuka nyingi zimetengenezewa volti 120. Kwetu ni 240.

GololiZiwani (Kisumu)

Asanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nifanye kwanza.

Ubao wa MDF nimeurudisha kwa seremala akautumie kwingine. Jumamosi nilikuwa Kibuye, nimepata plaiwudi ya 18, na wa mbele sasa ni mzima, hauna tundu. TV nimeipima kwa simu: picha 22, baada ya hali ya gemu 12. Kasha la kompyuta ni lile jembamba, bado natafuta kadi fupi.

Mama alirudi Alhamisi. Sikuanza na mashine. Nilimuuliza kuhusu mdogo wangu, tukakaa varandani kwa muda wa karibu saa mbili. Mengine sitayaandika hapa. Baadaye nilimwonyesha pinboli kwenye TV ikiwa bado mezani, kibodi mapajani mwake. Nilimwambia habari za New York na nyundo. Aliuliza kama huyo meya alikuwa na mtoto aliyeharibikiwa. Sikuwa na jibu.

Alibonyeza Shift ya kushoto tu, kwa kidole gumba, kwa nguvu kama anayepima parachichi. Gololi tatu zikapita katikati. Ya nne aliipata, ikapanda juu ikagonga taa, na alirudisha mkono haraka kana kwamba amegusa jiko. Kisha akauliza inakula tokeni za stima kiasi gani.

Swali langu la mwisho, Randa_na_Msasa: batani za pembeni nitoboe kwa upana gani, na nizishushe kiasi gani kutoka ukingo wa juu? Mtoto wangu mdogo ana miaka sita.

Randa_na_Msasa (Kisumu)

Batani nyingi zinazouzwa ni za milimita 30 au 24, nunua kwanza ndipo utoboe. Kuhusu kimo, mlete mtoto asimame mbele ya ubao, aweke mikono inapomkalia vizuri, chora kwa penseli pale vidole vilipo. Halafu simama wewe. Ukitofautiana naye sana, fuata wako na umtengenezee kibao cha kupanda. Mbao zinazobaki zinatosha.