Nyumba Goba, korongo nyuma ya ukuta: bima ya moto pekee inatosha?

Mgeni wa Goba: Wakuu, habari za jioni. Nimenunua nyumba Goba, Dar es Salaam, kwa mkopo, iko kwenye mteremko. Benki wamedai bima ya moto tu, na wakala anasema nikiongeza nyingine napoteza hela. Lakini masika yalipoisha nilikuta udongo umemegeka nyuma ya nyumba, mizizi ya mwembe inaning'inia. Mafuriko, tetemeko, upepo: nilipie yapi?

Mzee wa Kashai: Hongera kwa nyumba, mdogo wangu. Mimi niko Bukoba. Septemba 10, 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la 5.9 lilipasua ukuta wa sebule yangu kuanzia kwenye lenta hadi sakafuni, vidole vinapita. Bima nilikuwa nayo! Kufungua karatasi: moto, radi, mlipuko. Tetemeko halimo. Nilijenga kwa hela ya mfukoni. Maneno ya wakala hayalipi fidia, soma kilichoandikwa.

Dada wa Madai: Mzee pole sana, kesi kama yako nimezishika nyingi. Kaka, mafuriko, tufani na tetemeko mara nyingi ni nyongeza, unaziomba na kuzilipia. Kwa Goba anza na mafuriko. Ila angalia hapa: maji kuingia ndani ni jambo moja, ardhi kuporomoka ni jingine, na mikataba mingi inaliondoa hilo la pili. Waulize kwa maandishi. Halafu thamani: andika gharama ya kujenga upya, kiwanja usikihesabu. Ukikatia milioni 40 nyumba ya kujengwa kwa 80, hasara ya milioni 10 unaweza kulipwa 5 tu, kwa kuwa umekatia nusu ya thamani.

Kilindoni: Upepo nao msiuache. Kimbunga Hidaya kilipofika kwetu Mafia Mei 2024 ndipo nilipojua bati si kitu.

Mgeni wa Goba: Asanteni sana, nimeshamwambia wakala alete mkataba wote. Dada, ukuta wa uzio nao unahesabiwa? Na hilo korongo nilitaje? Naogopa wataongeza bei.

Dada wa Madai: Uzio utaje kwa jina, usidhani umo. Korongo litaje pia, hata bei ikipanda. Ukilificha, siku ya madai watalitumia hilohilo kukunyima. Na kesho asubuhi piga picha kuta zote, na ule mwembe.