Nibaki na tela, nihamie lori fupi, au nirudi kuwa dereva wa pili?

Mgeni_wa_Usukani:
Salamu kwenu wakubwa wa barabara. Hii ni wiki ya tisa tangu nikabidhiwe lori peke yangu, na katika muda huo nimegonga mara mbili nikiwa narudi nyuma, kisha mara moja nikapandisha tairi za tela juu ya ukingo wa barabara nilipokuwa nikikata kona. Hakuna aliyeumia. Msimamizi wangu hakufoka, na kwa kweli ningeona afadhali angefoka. Aliniita, akanipa njia tatu na kutaka jibu kabla ya Ijumaa. Ya kwanza ni kubaki na tela hilihili la masafa marefu. Ya pili ni kuhamia lori fupi la kusambaza bidhaa, ambalo hurudi kituoni kila jioni na malipo yake ni madogo kidogo. Ya tatu ni kukaa miezi mitatu na dereva mzoefu nikiwa dereva wa pili. Naomba ushauri wa waliopitia hali hii, kwa sababu siku hizi nikishika usukani asubuhi mikono inakuwa mizito kabla hata sijawasha injini.

Gia_Kumi_na_Mbili:
Karibu, kaka. Umetueleza maumivu, lakini gari hukulieleza. Tela lina urefu gani na ekseli ngapi, yaani mihimili inayobeba tairi? Ulikuwa na mzigo au tupu? Ulikuwa ukirudi kwa upande wako wa dirisha, au kwa ule upande mwingine ambao ukishakunja kichwa, yaani gari la mbele lenye injini, kioo hakikuonyeshi kitu ila ubavu wa tela? Ilikuwa saa ngapi? Je, ulishuka ukatazama kabla ya kurudi? Bila majibu hayo tutakuwa kama fundi anayeambiwa kwamba gari linalia, akaanza kufungua injini kumbe kinacholia ni mlango.

Mama_Tela:
Mdogo wangu, chukua lori fupi, wala usilione kuwa ni kushushwa cheo. Nilianza kama wewe na nilihamishwa kama unavyotaka kuhamishwa, nikalia siku ile. Hesabu ndiyo iliyonituliza. Kwenye masafa marefu nilikuwa narudi nyuma kwenye jukwaa la kupakulia mara mbili au tatu kwa wiki, na mara zote hizo nikiwa nimechoka. Kwenye usambazaji nilikuwa narudi nyuma mara kumi na zaidi kwa siku, kwenye vichochoro, kwenye nyua zenye magari ya watu, mvua ikinyesha, watoto wakipita. Baada ya miezi minne nilikuwa nimeacha kushika pumzi. Mtu hawezi kuzoea jambo analolifanya mara mbili kwa wiki.

Mzee_wa_Sahani:
Ninampinga Mama_Tela kwa heshima zote. Lori fupi halikunjiki katikati. Ukikata usukani kulia wakati wa kurudi nyuma, kitako kinakwenda kulia, basi. Tela ni kinyume: ukitaka kitako kiende kushoto, usukani unauanza kulia, halafu inakubidi uurudishe mapema ili kichwa kilifuate tela kabla pembe haijawa kali mno. Ukikaa mwaka mzima kwenye lori fupi, mikono inajifunza lugha nyingine kabisa.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinikuta. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitumwa usiku kuchukua tela lililokuwa limesimama kwenye miguu yake ya chuma, ile inayolishikilia likiwa halina kichwa. Aliyeliacha alikuwa ameishusha miguu kupita kiasi, kwa hiyo tela lilikaa juu kuliko sahani ya kichwa changu, lile bamba ambalo tela hulalia. Nikarudi nyuma, nikasikia mlio wa chuma, nikaridhika kwamba taya za sahani zimeikamata pini iliyo chini ya tela. Kumbe pini ilikuwa imekaa juu ya taya na wala haikuingia ndani yake. Nikaunganisha mabomba ya upepo na waya wa taa, nikapandisha miguu, nikaondoka. Sikuvuta mbele kidogo huku breki za tela zikiwa zimefungwa ili nihakikishe, wala sikuinama na tochi kutazama kama kuna mwanya kati ya sahani na tela. Nilifika langoni salama. Nilisimama ili mlinzi afungue, na nilipoondoa gari, kichwa kilikwenda nami na tela likabaki. Pua yake ilishuka chini kwa kishindo ambacho mpaka leo nikikikumbuka tumbo linanyonga. Mabomba yalikatika, upepo ukatoka, na breki za tela zikajifunga zenyewe. Vinginevyo lingeweza kuserereka na kumkuta mtu.

Nilikaa kwenye ngazi ya kichwa mpaka alfajiri. Asubuhi niliomba mwenyewe nipewe lori dogo, nikapewa, na nikaliendesha mwaka mzima. Siku niliyorudi kwenye tela nilikuwa mgeni kuliko nilivyokuwa mwanzo, na woga ulikuwa umekua, kwa sababu kwa mwaka mzima niliupa mahali pa kulala. Baki na tela lako.

Mama_Tela:
Pole sana, Mzee wangu, lakini hadithi yako inaniunga mkono mimi. Kosa lako lilikuwa la kuunganisha, na lori fupi halina sahani wala pini, kwa hiyo lisingeweza kukufundisha hata ungekaa nalo miaka kumi. Ulikunywa dawa ya ugonjwa mwingine. Huyu kijana anagonga kwa kukosa kukadiria umbali kwenye vioo, na vioo viko kwenye kila lori.

Mzee_wa_Sahani:
Dada, hapo umenibana, ingawa kuhusu vioo bado sikubaliani nawe. Kioo cha lori fupi kinakuonyesha kitako chako muda wote.

Mgeni_wa_Usukani:
Nashukuru kwa majibu, na naomba radhi kwa kuacha mambo mengi. Mara ya kwanza niligonga nguzo, ilikuwa karibu saa tano usiku, na nilikuwa nimesubiri kupakuliwa tangu saa nane mchana. Mara ya pili ilikuwa alfajiri, nikirudi kwa upande nisiouona, na mpakuaji mmoja alikuwa akinipungia mkono upesi upesi kwa sababu kulikuwa na lori jingine nyuma yangu. Mara zote mbili sikushuka kutazama. Ile ya kwanza nilichoka, ile ya pili niliona haya kushuka watu wakinisubiri. Mara zote tela lilikuwa na mzigo.

Gia_Kumi_na_Mbili:
Sasa umesema jambo. Hizo ajali mbili mimi siziiti za usukani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva haruhusiwi kupita saa 4 na nusu za kuendesha bila mapumziko ya dakika 45, na Marekani dereva wa mizigo hapewi zaidi ya saa 11 za usukani ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Walioweka sheria hizo walijua kwamba uchovu hauonekani kwenye kioo. Kukaa saa tisa ukisubiri kupakuliwa si kulala, hata kama injini imezimwa. Ukihamia lori fupi ukaendelea kuona haya kushuka, utagonga lori fupi. Ukibaki na tela ukaendelea kurudi nyuma usiku wa manane kwa kuharakishwa na mtu ambaye hatalipa bati lako, utagonga tena. Anayekupungia mkono hana leseni yako mfukoni. Mfundishe kwamba ukimpoteza kwenye kioo unasimama papo hapo.

Otomatiki_Daima:
Hakuna aliyeuliza kuhusu gia! Kama unaendesha gia za mkono, nusu ya akili yako iko kwenye klachi wakati unaporudi nyuma. Omba lori la otomatiki, mengine yatajipanga.

Mzee_wa_Sahani:
Katika baadhi ya nchi, kijana, ukifanyia mtihani kwenye otomatiki, leseni yako hufungiwa kwenye otomatiki. Mimi nisingemshauri mtu ajifunge kabla hajajua kesho atapewa gari gani. Tena zipo otomatiki ambazo kwenye kurudi nyuma polepole huruka ghafla kuliko mguu wa mgeni kwenye klachi.

Otomatiki_Daima:
Za zamani, Mzee. Za siku hizi zina mwendo wa kutambaa, unagusa mafuta kidogo tu.

Utingo_Mstaafu:
Naona mmeiruka njia ya tatu kana kwamba haipo. Nimekaa kiti cha kushoto na cha kulia na madereva wengi, na nawaambia kwamba yote yanategemea ni dereva gani. Yupo atakayekaa kimya ukikosea, akuache unyooshe tela mwenyewe mara tatu, kisha akuulize uliona nini kwenye kioo. Yupo pia atakayekunyang'anya usukani kila mnapokaribia jukwaa kwa sababu anataka kuwahi, na baada ya miezi mitatu utakuwa umejifunza kuchemsha chai. Kabla hujajibu Ijumaa, uliza jina la huyo mzoefu, halafu uliza waliowahi kukaa naye.

Mgeni_wa_Usukani:
Nimeuliza. Wapo wawili. Mmoja anasifiwa na kila mtu lakini yuko likizo hadi mwezi ujao, na mwingine ndiye aliyenipungia mkono siku ile alfajiri; kumbe alikuwa dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu, hakuwa mpakuaji.

Mama_Tela:
Basi njia ya tatu imejifunga yenyewe. Lori fupi.

Mzee_wa_Sahani:
Au amsubiri huyo wa likizo, na kwa wiki hizo aombe koni na uwanja mtupu asubuhi, akiwa amelala vya kutosha.

Gia_Kumi_na_Mbili:
Msimamizi atakubali kusubiri mwezi? Na kaka, bado hujatuambia habari ya ile kona wala tela lina ekseli ngapi. Kadiri ekseli zinavyokaa mbali na pini, ndivyo tairi za nyuma zinavyokata kona kwa ndani zaidi, na hilo lina dawa yake tofauti kabisa na haya tunayobishania.

Mgeni_wa_Usukani:
Ekseli tatu. Msimamizi nitamuuliza kesho. Kwenye kona nilikata mapema, nadhani.

Gia_Kumi_na_Mbili:
Unadhani? Ulitazama kioo cha ndani ya kona, au ulikuwa ukitazama mbele?