Tablo ya gari iliyopasuka: tupeane uzoefu wa kuiunga isipasuke tena

Katuba, Lubumbashi: Wakubwa, jua la Oktoba linafungua tablo (dashibodi), hasa chini ya kioo cha mbele. Leteni uzoefu wenye vipimo. "Weka kole (gundi) tu" haitusaidii. Naanza: ukiisha kuitoa, igeuze usome herufi zilizopigwa nyuma, zinataja aina ya plastiki. Plastiki ya ABS inayeyuka kwa asetoni. Katakata vipande vya ABS chakavu, viloweke kwa asetoni usiku mzima kwenye chupa ya kioo mpaka uji uwe mzito kama asali. Ukikauka unakuwa plastiki ileile. Pakaa tabaka jembamba, liache likauke, rudia. Ukijaza nene mara moja, mapovu yanabaki ndani. Asetoni iwe safi. Ile ya kutoa rangi ya kucha mara nyingi ina maji na mafuta. Na moto uwe mbali!

Ndosho, Goma: Kabla ya kole, tafuta mwisho wa ufa. Huwa unapita pale jicho linapouona. Kunja plastiki kidogo, mstari utafunguka. Toboa hapo tundu la milimeta 2 au 3 ili usiendelee. Halafu chonga mfereji wa V upande wa nyuma, nusu ya unene. Kwenye barabara zetu za mawe ya volkano kole peke yake inaachia, kwa hiyo shona: waya wa inoksi (chuma kisichoshika kutu) wa milimeta 0.6, vipande vya sentimeta 2 vikikata ufa, kila baada ya sentimeta 2 hivi. Ushike kwa koleo, uukandamize kwa ncha ya chuma cha kulehemu mpaka uzame katikati ya plastiki. Ukichelewa kuondoa, alama inatokea upande wa mbele.

Kadutu, Bukavu: Ndugu wa Katuba, na yenye kuandikwa PP (plastiki ya polipropilini)? Asetoni haiifanyi kitu, na kole ya epoksi inabanduka kama ganda la ndizi. Hiyo ni ya kuyeyusha kwa chuma cha moto, pamoja na ukanda uliokatwa kwenye parashoki (bampa) chakavu yenye alama ya PP. Jaribio la kutia kipande majini ili kujua aina linadanganya: PP tupu inaelea, ila PP-T20 ina talki (unga wa jiwe) asilimia 20, inazama kama ABS.

Ndosho, Goma: Supagluu na bikarbonati ni ya masikio ya skrubu. Inakuwa jiwe papo hapo, lakini haikunjiki. Kwenye ufa mrefu inakatika. Mvuke wake pia unaacha ukungu mweupe kwenye kioo cha saa za tablo, kama ile ya kasi.

Katuba, Lubumbashi: Mfuko wa hewa (airbag), wakubwa! Chomoa waya hasi wa betri, subiri dakika 10 ndipo uguse tablo. Ufa ukipita kwenye kifuniko cha mfuko wa abiria, usishone, usitie fibra (kitambaa cha nyuzi za kioo). Kifuniko kile kimepunguzwa unene makusudi kipasukie pale. Ukikikaza, mfuko hautoki inavyotakiwa. Tafuta tablo nyingine.

Kadutu, Bukavu: Wakati wa kurudisha, anza skrubu zote kwa mkono, kisha kaza kidogo kidogo ukibadilisha pande. Tundu lisilolingana ukalivuta kwa skrubu, ufa unafunguka palepale ulipoziba.