Naomba ushauri: picha ya maua ya ukutani kumpa mzee wa Kichina

Binti Mkoani: Habari za jioni wakuu. Nipo Guangzhou. Nataka kumpa mzee mmoja wa Kichina picha ya maua ya kutundika ukutani, iliyochorwa kwa mkono kwenye hariri. Ua gani halina mkosi kwao? Jumapili iko karibu, naombeni msaada.

Kipusa: Peoni dada, hutakosea. Kwao ndilo ua la utajiri na heshima, na kila Aprili watu wanafurika Luoyang kuyaangalia. Hakikisha tu ua halikatwi na ukingo wa picha. Wapo wanaosoma hapo kwamba utajiri haukutimia.

Fundi Fremu: Mimi naona shida siyo ua. Guangzhou masika kuta zinatoka jasho, nimeishi huko. Picha yangu ya kwanza ilifanya ukungu mweusi pembeni kabla hata ya joto kuanza. Weka kioo, na kisigusane na hariri.

Mama Wawili: Huyo mzee ni nani kwako? Mbona unazunguka?

Binti Mkoani: Ni baba wa mchumba wangu. Katoka hospitali juzi, alipasuliwa moyo. Na picha nimeshalipa nusu: krisanthemamu nyeupe. Zina maana ya maisha marefu, na mshairi wao Tao Yuanming alizipenda mno. Zimo hata kwenye yale manne wanayoyaheshimu, pamoja na plamu, okidi na mianzi. Sijakurupuka.

Mama Wawili: Nyeupe?! Hizo wanapeleka makaburini siku ya Qingming! Mgonjwa afungue macho akute ua la msiba ukutani?

Mzee wa Mufindi: Krisanthemamu na pareto ni ndugu. Marehemu baba alitusomesha wote kwa pareto, tukichuma vidole vinawasha hadi usiku. Vijana mheshimuni mkulima.

Njiwa Pori: Hii chai. Wiki iliyopita alisema yuko Dubai. Halafu mchoraji gani Mchina akubali kuchora krisanthemamu nyeupe za mgonjwa?

Binti Mkoani: Dubai nilikuwa nabadilisha ndege. Mchoraji sikumwambia ni za mgonjwa. Nilisema za sebuleni kwangu.

Kipusa: Ndiyo maana akakuitikia. Hiyo maana ya maisha marefu ni kweli, ila inamhusu mwenye sebule, siyo mgonjwa. Mwambie ukweli leo, omba paka na vipepeo chini ya peoni. Majina yao Kichina yanalingana kwa sauti na maneno ya uzee wa miaka 70 kwenda juu, ndiyo picha ya kumtakia mzee umri.

Binti Mkoani: Lakini mama mkwe nimemtumia ya krisanthemamu WeChat, kajibu "nzuri".

Mama Wawili: Na wewe ungemjibuje mkwe? Muulize mchumba wako.

Binti Mkoani: Yeye sijamwambia, nataka iwe sapraizi. Ila mchoraji nimempigia. Hariri ya peoni haitakauka kufikia Jumapili, atachora kwenye karatasi kwa hela ileile. Karatasi si itaonekana nimebana matumizi?

Kipusa: Karatasi ndiyo wachoraji wao wakubwa wanachorea. Peleka.

Fundi Fremu: Karatasi inanywa unyevu. Kioo, dada.

Njiwa Pori: Weka risiti tuione.